Jogoo wa Hagsätra

Mwanamke wa nyumba ya mazishi alituuliza, kwa upole na kwa Kiswidi cha taratibu, kama tungependa mdomo wa marehemu unyooshwe. Alisema si kazi kubwa, ni pamba kidogo kwa ndani upande wa kushoto, na watakaokuja kumuaga wataona uso uliotulia. Tulikuwa watatu mbele yake: dada yangu Foibe, ambaye sasa ndiye mjane, binti yake Tumaini, na mimi. Hatukushauriana. Dada alitikisa kichwa, Tumaini akasema hapana, asante, muacheni hivyo hivyo, na yule mwanamke akaitikia bila kuuliza zaidi. Siku ya kuaga niliwaona watu wakifika mbele ya jeneza, wakimtazama, kisha wakitazamana. Mama mmoja kijana, aliyehamia Stockholm miaka ya karibuni, alininong'oneza mlangoni kwamba kule nyumbani wangemtengeneza vizuri zaidi. Nilimwambia ametengenezwa vizuri. Sikuwa na nguvu ya kueleza siku ile. Nimeipata sasa.

Wote waliozungumza mazishini walimsifu shemeji yangu Anaeli kama mwalimu wa hesabu na mwalimu wa kwaya, mtu wa sauti na mtu wa watu. Hakuna aliyetaja ule mwaka ambao hakutaka kuonwa na mtu yeyote, na siwalaumu, maana wengi hawakuujua. Mimi niliujua kwa sababu nilikuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Moshi kuja kukaa na dada na kujifunza lugha, na darasa la Kiswidi likishaisha sikuwa na pa kwenda ila kurudi nyumbani. Walikaa Hagsätra, mwisho kabisa wa njia ya treni ya chini ya ardhi, ghorofa ya tatu katika jengo la matofali ya njano. Watoto walikuwa na chumba chao, dada na shemeji chao, na mimi nilipewa kona ya sebule nyuma ya pazia la kitenge. Pazia halizuii sauti. Nilisikia chai ikimiminwa, redio ya jirani, Tumaini na mdogo wake Yona wakigombana kwa Kiswidi, na mama yao akiwaamua kwa Kiswahili kana kwamba wote wanatumia lugha moja. Jikoni kulikuwa na meza kubwa kuliko jiko lenyewe. Cherehani ya dada ilisukumwa ukutani wakati wa kula na kuvutwa katikati wakati wa kazi, na kando yake kulikuwa na chupa ya chai, karanga, na ule mkate mkavu wa Waswidi unaovunjika kama kigae. Familia ile iliishi kwenye meza ile. Vyumba vingine vilikuwa vya kulala tu.

Mwisho wa kiangazi tulikwenda wote msituni, si mbali na Rågsved, kuchuma zile beri ndogo za buluu zinazopaka meno rangi. Tuliporudi shemeji alijikuta na kupe nyuma ya sikio. Alimchomoa kwa kucha, akawaonyesha watoto, akasema kule kwa Bibi, Machame, huyu ni wa ng'ombe, huku naona anapanda mpaka kwa walimu. Tulicheka. Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, alikaa kunywa chai na chai ikamwagika shatini. Akajaribu tena, ikamwagika tena. Dada alikuwa akipaka mkate siagi, akainua macho, na kisu kikabaki hewani. Upande mzima wa kushoto wa uso wa mumewe ulikuwa umelala. Hospitali walisema ni ugonjwa unaoletwa na kupe, kwamba dawa ipo, na kwamba uso utarudi, pengine wote, pengine nusu, hakuna awezaye kuahidi. Dawa alimeza akazimaliza. Jicho la kushoto liliendelea kukataa kufumba, ikabidi alale limebandikwa plasta, na mdomo ukabaki umeinama kama pazia lililotoka kwenye msumari mmoja.

Siku hizi nafanya kazi na watu waliopigwa na kiharusi. Nawasaidia kushika kikombe upya, kumeza upya, kutafuta maneno yaliyowapotea, na nimeona watu wakinyang'anywa mengi kuliko nusu ya mdomo. Hata hivyo bado nadhani shemeji alipigwa pale pale alipokuwa akiishi. Kazi yake ya mchana ilikuwa kusema mbele ya wanafunzi, na Jumapili yake ilikuwa kuimba mbele ya Waswahili wa Stockholm, Watanzania, Wakenya, Wakongo, waliokutana katika ukumbi wa kuazima wa kanisa la Kiswidi. Sasa herufi p na b na f zilimtoroka. Akitaka kusema pole, ilitoka hewa. Shule ilimpa likizo ya ugonjwa. Kwaya ilingoja, kisha ikaacha kupiga simu, si kwa ubaya, ila kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa haipokei. Akawa mtu wa chumbani, pazia limeshushwa. Kilichoniuma zaidi ni chakula. Alianza kula baada yetu. Tulipomaliza na watoto wakaondoka, ndipo aliposikika akifungua mlango, akija jikoni, akila amesimama kwenye sinki huku akiupa mlango mgongo, ugali wake umepoa, taulo begani kama kinyozi.

Mchana mmoja watoto wakiwa shule nilikuwa kwenye kona yangu na kitabu cha sarufi, na wao wawili wakawa jikoni. Nadhani walisahau kuwa nipo. Dada alisema, "Leo kula na wanao, Baba Tumaini. Nimepika ndizi."

"Nikila nao wanaangalia sahani zao," alijibu. Alisema polepole, akiruka maneno yaliyomshinda. "Hujaona? Tumaini haniinulii macho mpaka nimalize."

"Ni mtoto."

"Najua ni mtoto. Mwalimu wake alipiga simu kuuliza kama nimerudi safari. Safari gani, nikamuuliza. Akasema Tumaini amewaambia wenzake baba yake yuko Tanzania."

Nilisikia maji yakifunguliwa, yakifungwa. Tumaini alikuwa na miaka kumi na moja, na katika umri huo mtu anaweza kumpenda baba yake kwa moyo wote na bado akaomba ardhi impasukie akimwona kwenye geti la shule. Nayajua hayo leo. Wakati ule nilitoka nyuma ya pazia jioni, nikamtazama yule mtoto akifanya hesabu zake peke yake, hesabu ambazo zamani alizifanya na baba yake, na sikujua nimwonee huruma nani kwanza.

Halowini, sikukuu ya watoto kujivika mavazi ya kutisha, iliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa Yona. Alikuwa na miaka mitano. Alirudi na habari kwamba wapangaji wa mtaa watafanya sherehe ya watoto katika ukumbi wa chini wa jengo la pili, wakati wa likizo ya vuli, na familia itakayovaa kitu kimoja wote pamoja itapewa zawadi. Alikuwa ameshaamua. Tutakuwa kuku. Alikuwa hajawahi kumshika kuku mzima maishani mwake, ila kila tulipompigia Bibi simu Machame alisikia jogoo akiwika nyuma ya maneno ya Bibi, na kwa Yona jogoo yule alikuwa ndiye Tanzania yenyewe. Dada alikuwa na wasiwasi. Watu wa ushirika wetu hawakutaka hata kusikia jina la Halowini, na dukani, karibu na maboga na mafuvu ya plastiki, ilikuwa imepangwa mishumaa ambayo Waswidi huwasha makaburini wikiendi hiyo hiyo, kwa hiyo mtu ulitembea kati ya mzaha na msiba ukiwa na kikapu chako cha maziwa. Mwishowe alisema, "Mizimu, hapana. Kuku ni sawa. Kuku hata Bibi anao." Na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi niliona anavuta cherehani katikati ya meza kwa hamu.

Tulinunua mito ya manyoya kwenye duka la mitumba, tukaipasua ndani ya beseni la kuogea, na kuanzia saa hiyo nyumba haikuwa yetu tena. Manyoya yalikuwa kwenye mswaki, kwenye ugali, kwenye nywele za Yona akienda shule. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano na maji, uji mzito usio na sukari, tukaipaka kwenye mashuka ya zamani na kunyunyizia manyoya kama anayetia samaki chumvi. Miguu ya kuku tuliipata bure: glavu za njano za kuoshea vyombo, zikavutwa juu ya viatu, vidole vikachezacheza. Dada angekuwa mtetea, Yona kifaranga. Mimi niliuliza nitakuwa nani, na dada, pini zikiwa mdomoni, akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe yai. Hujaanguliwa bado katika nchi hii." Alinitengenezea shuka jeupe lililonyooshwa juu ya pete tatu kubwa za plastiki, zile ambazo watoto huzungusha kiunoni, nikawa sipiti mlango ila kwa ubavu.

Tumaini alikataa. Alikataa kwa Kiswidi, kisha kwa Kiswahili ili mama yake asijifanye hajaelewa. Alisema wenzake wa darasa watakuwepo. Alisema kuku ni aibu. Dada hakumsukuma. Siku iliyofuata yule mtoto alifungua sanduku la nguo za mama yake, akachomoa khanga mbili na sweta kuukuu, akajifunga kilemba, akachukua bakuli la mahindi makavu ya bisi, akasimama katikati ya jiko ameinama kidogo mgongo. "Mimi ni Bibi," alisema. "Kuku ni wangu. Sivai manyoya." Alikuwa amempata Bibi mpaka ule mkono nyuma ya kiuno. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Jogoo hakuwemo. Hakuna aliyelisema hilo, tulikuwa tu tukishona tukilizunguka. Kilichomtoa shemeji chumbani ni mdomo. Nilikuwa nikijaribu kutengeneza mdomo wa mtetea kwa kadibodi ya boksi la ndizi, na kila niliyoikunja ilitoka pana na bapa, mpaka Yona akaanza kulia kwamba huo ni mdomo wa bata. Mlango wa chumbani ukafunguka. Shemeji alikuja, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akanyoosha mkono bila kusema, nikampa mkasi. Alikata duara, akatoa kipande, akakunja pembe juu ya pembe, akabana na gundi akiishikilia kwa vidole huku tukimngoja. Ilikuwa koni nzuri, fupi, yenye ncha iliyoinama. Ili kupima aliiweka usoni mwake, akaifunga nyuma ya kichwa kwa mpira uliochomolewa kwenye soksi, akaenda kujitazama kwenye kioo cha koridoni.

Alikaa huko muda. Mdomo ule wa kadibodi ulianzia chini ya pua na kuishia kidevuni. Kutoka jikoni tuliweza kuona uso wake kwenye kioo, na uso ule haukuwa na upande uliolala. Dada aliendelea kukanyaga cherehani, ingawa niliona kitambaa kilikuwa kimeshapita sindano na alikuwa akishona hewa.

"Jogoo ni nani?" shemeji aliuliza kutoka koridoni. Sauti ilitoka nzito nyuma ya kadibodi, na herufi alizozikosa hazikusikika kuwa zimekosekana.

"Ni wewe, baba," Yona alisema, kama anayejibu swali la kijinga. "Nani mwingine?"

Basi tukatengeneza jogoo. Upanga mwekundu wa kichwani ulikatwa kutoka kitambaa cha meza cha Krismasi. Mkia ulikuwa mifuko myeusi ya takataka, tukaikata vipande virefu vilivyong'aa na kuinama kama mkia wa kweli. Shemeji aliivaa kila jioni. Alianza kukaa nasi jikoni akiwa na mdomo wake usoni, akitunga uzi kwenye sindano, akimsaidia Tumaini hesabu kwa kumwonyesha kwa kidole. Kula bado alikula baadaye. Lakini alikuwa amekaa.

Jumamosi moja kabla ya sherehe Mama Grace alipiga kengele bila kutoa taarifa. Alikuwa Mkenya, anakaa Sundbyberg, kiongozi wa maombi wa ushirika wetu, mwanamke aliyevuka mji mzima kumletea mgonjwa supu na aliyeweza pia kumkaripia mgonjwa huyo huyo kwa kutomeza supu yote. Alikuja kumwombea mwalimu. Alikuta manyoya mpaka kwenye vitasa.

"Mama Tumaini, hii ni nini?" aliuliza akiwa bado na koti. "Ni ile kitu ya Halowini?"

"Ni kuku, Mama Grace. Karibu, kaa."

"Mimi siwezi ruhusu watoto wangu. Hiyo siku ni ya giza. Na mwalimu ni mgonjwa hivi, ndio mnafungulia hiyo giza mlango? Watu wanasema maneno, dada. Wanasema hakuna kupe wa kupindua mtu uso."

Dada alikunja kitambaa alichokuwa akikishona, akakikunja tena. "Watu wanasema wapi? Hapa hakuna aliyekuja kusema," alijibu. "Mume wangu alikuwa chumbani wiki kwa wiki. Jana alikaa hapo mezani, akakata mkia. Kama hilo ni giza, mimi sijui mwanga unafananaje."

Kabla Mama Grace hajajibu, shemeji alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa vyote, upanga, mkia, mdomo, mikono imejaa manyoya. Nadhani alikusudia iwe hivyo. Alimsogelea, akampa mkono kwa adabu zote. "Karibu, Mama Grace. Keti tu, ila angalia gundi."

Yule mama alikuwa hajamwona tangu augue. Alishika mkono ule, akautazama ule mdomo wa kadibodi, kisha yale macho mawili juu yake, moja likifumba, jingine lisilofumba, na nikaona jinsi alivyosahau alichotaka kusema. Alikaa. Alikunywa chai. Aliomba, kwa kifupi kuliko kawaida yake, akimtaja mwalimu kwa jina lake lote na kuku hakuwataja. Mlangoni, akifunga vifungo vya koti, alimwambia dada kwa sauti ya chini, "Mimi sitaambia watu. Lakini wakiniuliza sitasema sikuona."

Siku yenyewe giza liliingia mapema, kama linavyoingia huku vuli ikikomaa, na taa za uwanjani ziliwaka watoto wakiwa bado wanakula chakula chao cha mchana cha kuchelewa. Lifti haikunitosha, nikateremka ngazi kwa ubavu, Yona akinisukuma kwa nyuma. Shemeji alisimama chini, nyuma ya mlango wa kioo, mkono kwenye kitasa. Nje walikuwa wakipita wachawi wenye kofia na mifupa inayong'aa. Dada alimshika kiwiko lakini hakumvuta. Mwishowe alifungua mwenyewe, na sisi wote tukatoka, jogoo mbele, glavu zetu za njano zikipiga lami plap plap, na Bibi mwenye miaka kumi na moja nyuma yetu akitutupia mahindi na kutuita kuku wake kwa Kichaga alichokisikia kwenye simu. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akivuta sigara kwenye baraza, alimsalimu jogoo kwa kuinua kofia. Shemeji alisimama, akavuta pumzi, akawika. Aliwika kwa ile sauti ya kifua iliyozoea kujaza ukumbi bila kipaza sauti, sauti isiyohitaji midomo, na ikagonga jengo la mbele ikarudi. Madirisha yalifunguka. Yona alikuwa akiruka juu na chini kama mtu anayepandwa na homa.

Ukumbini kulikuwa na joto la watu wengi, soseji zinachemka kwenye sufuria kubwa, vikombe vya karatasi, taa zimefunikwa karatasi za rangi ya chungwa. Kila mtoto alitaka jogoo awike, naye aliwika. Tumaini aliona wenzake wa darasa kona ya mbali, akasogea upande wao kidogo, akabaki katikati, bakuli mkononi, si kwetu wala si kwao. Sasa, gundi ya unga wa ngano ina adui mmoja, nayo ni maji, na kila mara shemeji alipowika pumzi yake na mate yake vilikuwa vikiloanisha kadibodi kutoka ndani. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikiwa siwezi kuinama, na niliona koni ikianza kulegea. Nilifungua mdomo kumwambia. Haikungoja. Ilijikunjua yenyewe polepole, ikateleza, ikaanguka ndani ya sahani ya soseji ya mama mmoja aliyevaa kama boga.

Watu walio karibu waligeuka. Shemeji aliinua mkono kufunika uso, na mkono ulikuwa umejaa manyoya yasiyobanduka, akaushusha. Msichana mdogo aliyevaa mifupa alimsogelea, akakunja shingo amtazame vizuri kutoka chini, akauliza kwa Kiswidi, kwa mshangao wa fundi mbele ya kazi ya fundi mwenzake, "Umefanyaje mdomo? Ni rangi au ni gundi?"

Dada alikuwa upande wa pili wa ukumbi akimfunga Yona kamba ya kiatu. Aliyekuja ni Tumaini. Alipita kati ya watu na khanga zake, akasimama mbele ya baba yake, na wenzake wa darasa wote wakawa wanamtazama. Uso wake ulikuwa umewiva kwa aibu, niliona mpaka masikio. "Si rangi," alisema kwa Kiswidi. "Huyu ni baba yangu. Aliumwa na kupe."

Ninachokumbuka ni kwamba nilitegemea kimya, au pole za kunong'ona. Sikuwa nimekaa Stockholm vya kutosha kujua kupe ni nini kwa watu wa hapa. Msichana wa mifupa alipandisha suruali yake mara moja akaonyesha goti. "Mimi pia, hapa," alisema. Mvulana mwenye meno ya plastiki akasema yeye aliumwa kwapani na akala dawa msimu mzima wa kiangazi. Mwingine aliumwa tumboni. Mbwa wa mwingine alikuwa nao kumi kwenye sikio. Wakawa wamemzunguka jogoo wakifunua mikono na shingo, wakisukumana wapate kumwonyesha wao kwanza, na yule mama wa boga, akichomoa kadibodi kutoka kwenye sahani yake, akasema dada yake alipata uso huo huo, na kwamba hata leo akichoka jicho moja linalala kabla ya jingine. Alimuuliza shemeji kama plasta ya usiku inamchubua. Akamwambia kuna aina laini zaidi. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumzia viatu.

Kisha akampa soseji nyingine. Shemeji aliitazama. Tumaini alikuwa bado amesimama hapo, na niliona wanatazamana, baba na mtoto, kwa mara ya kwanza tangu ile chai. Akaila. Haradali ilimtiririka upande wa kushoto, na Tumaini, ambaye siku ile alikuwa Bibi, alikunja pembe ya khanga akampangusa kidevu kama Bibi angefanya, bila haraka, kisha akageuka kumjibu mwenzake aliyetaka kujua khanga zinauzwa wapi. Zawadi ilikwenda kwa familia ya buibui waliounganishwa kwa soksi. Yona alilia mpaka nyumbani, na ni baba yake aliyembeba, manyoya ya wawili yakidondoka njia nzima.

Kesho yake alikula nasi. Si kwamba aliamua jambo kubwa, nadhani ilikuwa tu kwamba uji ulikuwa mezani na kiti chake kilikuwa wazi. Chai ilimwagika. Yona alimsukumia kitambaa bila kuacha alichokuwa akikieleza, kuhusu buibui na udanganyifu wao. Nimekuwa nikilisimulia jambo hilo kwa wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi wodini kwetu, bila kutaja jina: kwamba mgonjwa hahitaji usimtazame, anahitaji umtazame na uendelee na habari yako. Sikulisoma mahali. Nililiona jikoni Hagsätra nikiwa na manyoya ndani ya uji.

Wenye kufikiri kwamba uso ulirudi baada ya siku ile watasikitika. Ulirudi kidogo kidogo na ukachoka njiani. Jicho lilijifunza kufumba, p ilirudi kabla ya b, na baada ya mwaka mpya aliingia tena darasani, ambako nasikia wanafunzi walimwiga kwa wiki moja kisha wakachoshwa na wao wenyewe. Mdomo ulibaki umeinama mpaka siku yule mwanamke wa mazishi alipotuuliza. Aliozesha watoto wawili nao, aliongoza kwaya nao, aligombana na dada yangu nao.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Jumapili ya kwanza aliporudi ushirikani, Waswidi wakiwa wameshaweka taa madirishani kungojea Krismasi. Alikaa nyuma wakati wa ibada. Hakuimba, aliongoza tu kwa vidole juu ya goti, akidhani hakuna amwonaye, na wanakwaya wote wakawa wanamtazama yeye badala ya yule kijana aliyesimama mbele. Baadaye, kwenye chai, watu walimjia mmoja mmoja, wakisema pole kwa macho yaliyoteremka sakafuni. Mama Grace alikuja wa mwisho na birika. Alijaza kikombe chake mpaka juu, si nusu kama wanavyowekewa wagonjwa, akaketi kitini kando yake, akamtazama usoni moja kwa moja. Nilikuwa nyuma yao nikipanga vikombe.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "watoto wangu wamesikia kutoka kwa Yona. Hawanipi amani nyumbani, mwaka ujao hata wao wanataka kuvaa." Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Sasa nauliza tu. Bata yuko sawa? Ama bata ako na shida?"

Shemeji alikuwa ameshajaza mdomo chai. Alicheka, na chai ikatoka yote, ikateremka shingoni mpaka kwenye tai, na aliendelea kucheka akijipangusa kwa kiganja, kwa ile sauti yake ya kifua, mbele ya ukumbi mzima. Dada yangu alikuwa mlango wa jikoni amebeba sinia la maandazi. Alilisikia lile cheko, akalitua sinia juu ya piano, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine karibu, akasimama pale pale akisikiliza.